Kamera na Mundu

Hoja iliyowekwa mezani inaonekana ndogo. Novemba imeingia Uingereza, saa zimesharudishwa nyuma, jua linazama saa kumi na nusu, na bustani imekauka. Je, mwenye bustani akate kila kitu asafishe ardhi yake, au aiache mimea imesimama ili mwenye kamera aipige picha? Nyuma ya swali hilo lipo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike: picha ya kitu kilichokauka inasema nini, na inamsemea nani?

Wasemaji ni watatu, na nimewatunga mimi. Hoja zao sikuzitunga zote. Nyingi nimezisikia zikisemwa kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya juu, na watu wenye udongo kwenye viatu.

Wa kwanza ni Ami, Mpemba aliyekulia katika mashamba ya karafuu, ambaye sasa analima kiwanja cha kukodi. Halmashauri za Uingereza hukodisha vipande vya ardhi kwa wakazi wasio na pa kulima. Sheria kuu inayohusika ni ya 1908, na kipimo cha jadi cha kipande kimoja ni kama mita za mraba 250. Humo Ami ana mahindi, maboga, nyanya, shamari, giligilani, waridi mbili tatu, alizeti, na safu ya dalia ambayo hapendi kuulizwa kwa nini anaipanda ilhali hailiwi. Wa pili ni Mpigapicha, binti wa kaka yake, aliyezaliwa huku na kujifunza Kiswahili jikoni. Wa tatu ni Mwalimu, mzaliwa wa Muheza, anayefundisha baiolojia sekondari na kulima kipande cha jirani.

Ami ndiye anayeanza, kwa kuwa ndiye mwenye mundu.

AMI: Mie sina ugomvi na kamera. Piga alizeti mwezi wa Agosti, imefunguka, nyuki wamejaa. Hata mie nitasogea pembeni nisikuzibie. Lakini leo umenikuta nimeshainama, unaniambia nisikate, nisubiri jua literemke. Nisubiri nini? Shamari hii imekwisha. Kwetu shamba likivunwa linasafishwa. Mabua yakiachwa mpaka mwaka mpya, apitaye atauliza kama mwenyewe mgonjwa.

MPIGAPICHA: Shikamoo kwanza, Ami. Naona leo tumeanza na mundu.

AMI: Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze.

MPIGAPICHA: Agosti shamari ina majani mengi mno, huoni ilivyojengwa. Sasa majani yameanguka, nayaona yote: shina moja, juu yake matawi yanatoka kwenye nukta moja, kila tawi likifika mwisho linatoa vijitawi vyake kutoka nukta nyingine, na kwenye ncha ya kila kijitawi kuna mbegu. Hesabu hiyo ilikuwepo tangu Juni. Ilifunikwa tu. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyekuwa akifundisha sanaa Berlin, alitumia miaka kama thelathini kupiga picha za mashina, machipukizi na vichwa vya mbegu, vingi vimekaushwa, kwa kamera alizojitengenezea, akivikuza mpaka mara thelathini. Kitabu chake, Urformen der Kunst, kilitoka 1928, na watu walishangaa kuona nguzo na vyuma vya madirishani ndani ya magugu ya kando ya njia.

AMI: Yule alikuwa mwalimu. Picha zilikuwa ubao wake. Wewe unamfundisha nani?

Mpigapicha hakuwa na jibu la haraka, na sidhani alipaswa kuwa nalo. Mara nyingi anayepiga picha ya kitu kizuri hana mwanafunzi. Ila Ami amegusa jambo la kweli: Blossfeldt hakuwa akiomboleza. Katika picha zake hakuna huzuni ya majira, hakuna ukungu wa asubuhi, wala mwanga wa dhahabu. Alikata mmea, akausafisha, akauweka mbele ya karatasi tupu. Picha za bustani za Novemba tunazoziona siku hizi kwenye kalenda na mashindano ni kinyume chake: kila ua lililoinama linatakiwa kutufanya tuwaze kaburi. Hapo ndipo Mwalimu anapoingilia.

MWALIMU: Naomba niseme kidogo, Ami, halafu nitakuacha na mundu wako. Hiki mnachokiita kufa, kwa sehemu kubwa ni kazi. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti au mmea wa kudumu unaanza kuyavunja majani yake mwenyewe. Unaivunja klorofili, unachukua naitrojeni na fosforasi iliyokuwa kwenye jani, unaishusha kwenye matawi na mizizi. Rangi ya njano ilikuwepo siku zote, kijani ndiyo iliyokuwa ikiificha. Nyekundu ni hadithi nyingine, mimea mingi huitengeneza upya wakati huu huu. Mwisho mmea unaweka utando kama wa gome pale kikonyo kinaposhikana na tawi, jani linadondoka. Kinachoanguka ni ganda lililokwisha kuchambuliwa.

AMI: Kwa hiyo jani halifi, linaibiwa.

MWALIMU: Linarudisha mkopo, tuseme.

AMI: Na hii shamari?

MWALIMU: Shamari iko hai chini. Ulichonacho juu ni bua na mbegu. Alizeti ni tofauti: ile imekwisha kabisa, mzizi na shina, ni mmea wa msimu mmoja. Lakini imeacha mbegu, na chiriku wameshaijua njia ya kuja hapa.

Hadi hapa mjadala ungeweza kuishia kwa mchezo. Mzee angeambiwa sayansi, angecheka, angeacha mabua mawili matatu kwa ajili ya binti wa kaka yake. Lakini Ami alikuwa na neno jingine, na lilipotoka, suala la usafi wa bustani lilisahaulika.

AMI: Nikuulize, mwanangu. Umewahi kuona shamba la kwetu katika magazeti ya huku? Mie nimekaa nchi hii tangu ujana. Picha za kilimo cha Afrika nilizoonyeshwa ni za mabua. Mahindi yamekauka, ardhi imepasuka, mtoto amesimama pembeni, na chini namba ya simu ya kuchangia. Sikuona hata siku moja picha ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, mtaa mzima unanukia, watoto wamekaa wanachambua makonyo. Miaka yote hiyo bua kavu lilikuwa alama ya kuhurumiwa. Sasa mmegundua kwamba bua kavu ni zuri, lakini lazima liwe limekaukia huku Surrey.

MPIGAPICHA: Ami, hilo ni kweli.

AMI: Najua ni kweli. Nakuuliza utalifanyia nini.

MPIGAPICHA: Sijui kama naweza kulifanyia kitu kwa shamari moja. Ila usiitupe kamera yote. Picha za njaa zilizozunguka dunia kuliko nyingi, zile za Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, alizipiga Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi. BBC ilipozirusha, watu waliacha chakula mezani. Novemba mwaka huo huo wanamuziki wa huku walirekodi wimbo wa kuchangia, Julai 1985 likaja tamasha la Live Aid. Wapo waliokula kwa sababu ya kamera ile.

AMI: Sikatai, na Mungu amrehemu. Lakini Ethiopia imevuna mara ngapi tangu hapo? Nani alirudi kupiga mavuno? Picha ile ya ukame imebaki ukutani miaka arobaini, mvua ikinyesha isinyeshe.

MPIGAPICHA: Basi kosa ni la aliyeibandika ukutani.

AMI: Na aliyepiga bila tarehe.

MWALIMU: Kuna tofauti ambayo nyote wawili mnaipita. Mahindi ya ukame na shamari hii havifanani hata kidogo, ingawa kwenye picha vyote ni kahawia. Ukame ukiyakuta mahindi yanatoa mbelewele na ndevu, chavua inashindwa kufanya kazi yake, ndevu zinachelewa au zinakauka, na ukija kumenya unakuta gunzi lenye mapengo. Au hukuti gunzi. Mmea umekatishwa katikati. Pembe ya Afrika, kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Pale hakukuwa na cha kumenya. Shamari hii haikukatishwa. Imetoa maua, imechavushwa, imekomaza mbegu, ndipo ikakauka. Kuna kukauka kabla ya kazi na kukauka baada ya kazi. Kwa mtu anayelima ni vitu viwili visivyokaribiana.

Hapa nitaingilia, maana naona Mwalimu ametupa kipimo tulichokuwa tukikitafuta. Ugomvi wangu na picha nyingi za Novemba ni huu: zinachanganya kukauka kwa aina mbili, kwa sababu rangi yake ni moja na hisia yake inauzika kwa namna moja. Mpigapicha aliyekuja kwetu na lenzi yake akakuta mahindi yaliyokomaa, yaliyoachwa makusudi yakaukie shambani kabla ya kuvunwa, angeweza kuyapiga kama ukame, na asiyelima asingemshika. Na mpigapicha wa Uingereza anaweza kuupiga mmea ulioshinda kama marehemu. Wote wawili hawakutazama mbegu. Kipimo basi ni hicho: picha ya mmea mkavu imuwezeshe anayeitazama kujua kama kazi ilikwisha au ilikatishwa. Ikishindwa, hata mwanga wake uwe mzuri vipi, imetudanganya.

Nilidhani kila mtu angekubali. Ilikuwa rahisi mno.

MPIGAPICHA: Nakubali nusu. Nikiinama chini ya alizeti nikapiga kichwa chake kikitazama ardhi, mbegu zikionekana, na mapengo pale chiriku alipokula, hapo kipimo chako kinafanya kazi. Lakini njoo uone hii hapa kwenye chungu.

Kwenye chungu kando ya mlango wa kibanda palikuwa na impatiensi, ua la waridi hafifu ambalo nusu ya Uingereza hulipanda kivulini kila kiangazi. Jalidi ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku wa kuamkia siku hiyo. Majani yalikuwa yameingia maji, unaona mwanga upande wa pili. Mashina yamelala juu ya ukingo wa chungu. Maua mawili bado yana rangi yake, yamebandikana na udongo.

MPIGAPICHA: Nimeipiga asubuhi, jua likiwa nyuma yake. Kila mshipa wa jani unaonekana. Ni picha bora kuliko zote nilizopiga wiki hii. Na hakuna kazi iliyokwisha hapa.

MWALIMU: Hakuna. Hii haikujiandaa, haina namna ya kujiandaa. Ni ya kwetu. Inaota yenyewe kuanzia Kenya mpaka Msumbiji, sehemu zenye unyevu na kivuli. Usambara unaikuta kando ya vijito, na inaishi mwaka hadi mwaka. Ilifika bustani ya mimea ya Kew enzi za Sayyid Barghash kupitia John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza pale Unguja, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akaipa jina la kisayansi la kumheshimu Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilikubalika kwamba mmea ule ule ulikuwa umeshapewa jina jingine mwaka 1868, na la zamani ndilo lililobaki. Huku wanaiuza kama mmea wa msimu mmoja. Kwao msimu wake mmoja haupo. Jalidi inapoingia, maji ya ndani yanaganda, seli zinaharibika, na jua likitoka mmea mzima unageuka uji. Mbegu ilirusha, ndiyo, kiangazi kizima ilikuwa ikirusha, lakini udongo nao unaganda.

MPIGAPICHA: Kwa hiyo hii ndiyo picha ya ukame iliyopigwa Uingereza. Mmea wetu, umekatishwa, na mimi nimeufanya mzuri. Nilikuwa nafikiria kuiwekea maelezo kuhusu watu waliokuja huku kutoka...

AMI: Usinifanyie mfano, mwanangu. Mie nina koti.

Walicheka wote, nami nakiri kwa mkupuo kwamba sijaona njia bora ya kuuzima ule usemi uliochoka, wa mhamiaji kufananishwa na ua la nchi ya joto. Impatiensi imekufa kwa sababu seli zake hazijui barafu. Haina paspoti. Ami aliendelea, na hapa alinishangaza.

AMI: Lakini picha hiyo iweke. Hiyo ndiyo unayopaswa kuipiga. Hizi za shamari watu watasema "nzuri" na kugeuza ukurasa. Hiyo ya chungu mtu atauliza nani aliiacha nje. Na aliyeiacha ni mie. Mwaka jana niliiingiza kibandani mapema.

MPIGAPICHA: Si ulikuwa unataka mavuno tu?

AMI: Nilitaka ukweli. Mavuno ni ukweli uliokosekana. Na huu wa chungu nao umekosekana, sababu mnapenda jalidi ikikaa juu ya nyasi ndefu, inang'aa. Hampendi ikila.

Tuwaache hapo kidogo, kwa maana kuna ushahidi wa upande wa pili ambao haukusemwa kiwanjani. Irving Penn, Mmarekani aliyepiga picha za mitindo kwa miongo kadhaa, kati ya 1967 na 1973 alipiga maua kwa ajili ya matoleo ya Krismasi ya jarida la Vogue: mwaka huu tulipu, mwaka ule mpopi, mwaka mwingine peoni. Mwaka 1980 yalitoka kwenye kitabu, na alieleza wazi kuwa anayapenda maua yaliyokwisha kupita kilele chake, yenye madoa na kingo zilizojikunja. Kwa Penn hakuna bustani, hakuna mbegu, hakuna Novemba. Ni ua moja mbele ya weupe, limezeeka. Kipimo cha Mwalimu hakimshiki. Ua la chombo lilikatishwa siku lilipokatwa, na hilo halimpunguzii chochote. Namkubali Penn kwa sababu hakujifanya kuwa yuko shambani.

Na kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi. Katika duka kubwa la mji huo huo, siku hiyo hiyo ya jalidi, kuna waridi kutoka Naivasha. Zilikatwa zikiwa zimefumba, zikasafirishwa kwenye ubaridi, zitafunguka kwenye chombo sebuleni kwa mtu, na zitatupwa pamoja na maganda ya viazi. Karafuu nayo ni ua linalochumwa kabla halijafunguka. Maua mawili ambayo Afrika Mashariki imeiuzia dunia, la Pemba na la Naivasha, biashara yake yote inasimama juu ya kutoyaacha yamalize. Ndiyo maana sishangai kwamba mkulima wa karafuu anaona ajabu mtu anapomwambia aache ua likauke kwenye shina lake. Katika shamba alilolelewa, karafuu iliyochelewa kuchumwa ikafunguka ni hasara.

Nilipompa Ami hoja hii, kwa kuwa ni wangu na naweza, alijibu kwamba nimesahau mbegu za kupandia. Kila shamba la karafuu lina miti inayoachwa izae matunda ili ipatikane miche. Ni kweli. Mti unaoachwa ndio unaoendeleza shamba, na hakuna anayeupiga picha huo pia.

Turudi kwenye kiwanja. Mwanga ulikuwa unateremka, na Mpigapicha alikuwa ameshapiga magoti kwenye gunia. Ami alimuuliza kwa nini hatumii simu kama wenzake.

MPIGAPICHA: Simu inatosha, ukiwa mvumilivu. Kinachofanya kazi ni jua. Mwezi wa Desemba, hata saa sita mchana, London jua linapanda digrii kumi na tano tu kutoka upeo. Siku nzima linapiga kutoka ubavuni. Nikikaa chini, mbegu ikiwa kati yangu na jua, kila unywele unaonekana. Nyuma natafuta kitu cheusi, ua wa miti au mlango wa kibanda. Halafu nasubiri upepo utulie, maana bua kavu halitulii.

AMI: Na jalidi? Juzi ulinionyesha picha, jalidi imetoka kijivu.

MPIGAPICHA: Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga mpaka weupe uwe kijivu. Unaiongezea hatua moja, wakati mwingine mbili. Na ukirudi ndani usiiingize hivi hivi kwenye joto. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, unyevu utajikusanya juu ya mfuko badala ya lenzi. Betri nayo baridi huimaliza, ya akiba naiweka mfuko wa ndani wa koti.

AMI: Koti tena.

Mwalimu, ambaye alikuwa kimya akitazama nyanya, alirudisha mazungumzo kwenye mundu. Alisema kuna vitu ambavyo kamera haina haki ya kuvitetea. Nyanya zile zilikuwa na bakajani chelewa, mashina yana weusi, matunda yana madoa ya kahawia. Majani ya waridi yaliyoanguka na madoa meusi, nayo yanabeba vimelea mpaka msimu ujao. Hivyo vitolewe leo.

MPIGAPICHA: Madoa ya nyanya yana muundo mzuri sana.

MWALIMU: Piga haraka basi, dakika tano. Mimi nashika mfuko.

AMI: Na lundo langu la kuchoma? Tarehe tano, kama kila Novemba, wanawasha mioto mji mzima, nami nataka kuwasha langu.

MWALIMU: Lihamishe kwanza, Ami, siku hiyo hiyo ya kuwasha, fito moja moja. Kalunguyeye hupenda kuingia humo kulala majira ya baridi, wengi huungua. Na mabua yenye uwazi ndani yana nyuki wale wanaoishi mmoja mmoja, wasio na mzinga. Ukiyakata leo ukayachoma, kiangazi maharage yako yatatafuta wa kuyachavusha.

AMI: Ungeanza na maharage, tungekuwa tumemaliza zamani.

Nadhani wasomaji wengi watahesabu hapo kuwa Ami ameshindwa. Mimi naona ameshinda, kwa kuwa alichokubali ni hoja ya mkulima. Kuna mbunifu wa bustani wa Uholanzi, Piet Oudolf, aliyezaliwa 1944, ambaye katika bustani yake ya Hummelo na baadaye kwenye bustani ya High Line ya New York, iliyofunguliwa 2009, aliwazoesha watu kuchagua mmea kwa kutazama pia utakavyosimama ukiwa umekufa. Wanaomfuata huacha kila kitu mpaka mwisho wa baridi, ndipo wakate. Bustani hizo nazipenda. Lakini anayeingia humo na kamera huwa amekuta uzuri umeshapangwa na mtu mwingine. Mabua yalichaguliwa kwa ajili ya macho yake. Kiwanja cha Ami hakikupangwa hivyo. Shamari ilipandwa iliwe, ikabaki. Picha itakayotoka hapo itakuwa na kamba ya plastiki iliyofungia maharage, ndoo iliyopinduka, na bomba la kumwagilia. Ningemshauri Mpigapicha asiviondoe. Hanisikilizi, ndoo ameshaisogeza.

Ilibaki dalia, na hapo kipimo changu kilivunjika mbele ya macho yangu. Jalidi ilikuwa imeziunguza nyeusi kabisa, juu hadi chini. Ukizitazama ni impatiensi nyingine: zimekatishwa, maua bado yamefumba kwenye ncha. Asili yake ni nyanda za juu za Mexico, nazo hazijui barafu. Lakini chini ya ardhi zina viazi, na mwezi wa Mei zitachipua. Mbegu haionekani kwenye picha, wala kazi iliyokwisha. Aliyeona sura angesema zimekufa. Ami alikuwa ameshika sepetu, tayari kuvichimbua viazi hivyo avikaushe na kuviweka kibandani kwenye maboksi ya mchanga.

MPIGAPICHA: Ziache mpaka kesho asubuhi. Nizipige na jalidi mpya.

AMI: Kesho asubuhi baridi ikishuka zaidi nitapoteza viazi. Nina dalia hizi kabla hujazaliwa.

MWALIMU: Usiku mmoja haufiki chini kiasi hicho, Ami. Udongo unashika joto.

AMI: Usiku mmoja. Na maelezo ya picha nitaandika mie.

MPIGAPICHA: Picha nzuri haihitaji maelezo.

AMI: Ya kwetu ile, ya mahindi na mtoto, ilikuwa nzuri. Ilihitaji maelezo mno. Utaandika hivi: mmea, mahali, tarehe, na kwamba viazi vizima.

MPIGAPICHA: Mahali na tarehe. Hayo mengine hapana, Ami, utaua picha.

AMI: Basi piga mbili. Hii nyeusi, na viazi kwenye boksi kesho kutwa. Ziwe pamoja, ukurasa mmoja.

MPIGAPICHA: Ukiziweka pamoja, ya kwanza inageuka kuwa somo la Mwalimu.

MWALIMU: Kuna ubaya gani?

Mpigapicha alisema upo, tena mkubwa, na kwamba atauelezea wakiwa ndani, maana vidole havikamati tena kitufe. Ami alisema boksi la viazi litakuwa tayari Alhamisi, na atakayetaka kulipiga aje na gunia lake la kupigia magoti.